Kaboni, Chembe Yenye Mikono Minne

Wasikilizaji, mvuvi wa Liuli aingiapo ziwani alfajiri, tumboni ana ugali wa muhogo, na chini yake pana mti uliochongwa. Unga ule na mti ule, kwa sehemu kubwa, ni minyororo ya sukari moja iitwayo glukosi. Tofauti ni namna pete za mnyororo zilivyofungamana tu. Fungamano la unga tumbo letu laweza kulifungua. La mti haliwezi, na ndiyo sababu mtumbwi haupikwi.

Uti wa sukari hiyo ni kaboni. Zamani wataalamu wengi wa Ulaya walishika kwamba vitu vya viumbe haviundwi ila kwa nguvu ya uhai. Lakini katika mwaka wa 1828 Friedrich Wöhler, Mjerumani, aliunda kwa chumvi za maabara urea, kitu kilichomo katika mkojo. Imani ile haikuanguka siku moja, ila ufa ulikwisha kuingia.

Mwaka 1858 August Kekulé, na Mskoti Archibald Scott Couper, kila mmoja peke yake, walieleza kwamba chembe ya kaboni ina kama mikono minne, nayo yaweza kushikana na kaboni nyingine. Andiko la Couper lilicheleweshwa, sifa ikamwendea Kekulé. Kwangu mimi hiyo haikuwa haki.

Lakini silikoni pia ina mikono minne, nayo imejaa katika mchanga wa Mbamba Bay. Mbona haikufanya viumbe? Kwa kuwa hung'ang'ania oksijeni, ikawa jiwe. Kaboni hushikana na kaboni kwa imara, ikafanya mnyororo, matawi au pete, tena huachana kiumbe kinapohitaji. Katika kahawa ya Umatengo, chembe 8 za kaboni, pamoja na haidrojeni, naitrojeni na oksijeni, hufanya kafeini, aliyoitenga Friedlieb Runge mwaka 1819.

Wamatengo nao huilaza kaboni ardhini katika mashamba yao ya ngoro. Hufyeka majani, huyapanga kama wavu juu ya mteremko, na kuyafunika udongo. Yakioza, kaboni nyingine hurudi hewani, nyingine husalia na kuushikamanisha udongo. Maharagwe hupandwa kwanza, kisha mahindi. Nayo hayaivuti kaboni yao kwa mizizi, kama wengi wadhanivyo, bali huitwaa hewani kwa majani.