Toka Ngoma ya Sumaku hadi Kache

Mwaka 1954 IBM ilianza kuwapelekea wateja kompyuta yake ya 650. Kumbukumbu yake ilikuwa ngoma ya sumaku iliyobeba hadi maneno 2,000 na kuzunguka mara 12,500 kwa dakika. Neno likishapita kwenye kichwa cha kusomea, mashine ilingoja mzunguko mzima, karibu milisekunde tano. Ndiyo maana kila amri ilitaja anwani ya inayoifuata, na mwandishi wa programu alizitawanya amri kwa hesabu: hii ikimaliza kazi yake, ile iwe inafika kwenye kichwa. Amri zilezile, zikipangwa ovyo, zilitambaa.

Ngoma zikapita, na ujuzi ule ukapita nazo. Kila prosesa mpya ilikuja na masharti yake. Kwenye 6502 ya mwaka 1975, baiti 256 za mwanzo za kumbukumbu zilisomeka kwa mapigo matatu ya saa ya prosesa badala ya manne, na waandishi wa michezo walizigombania kama viwanja vya mjini.

Mfano ninaouenzi zaidi ni Quake, mchezo wa mwaka 1996. Ili picha ya ukuta unaoelekea mbali ionekane sawa, lazima ugawanye, na kugawanya kulikula mapigo mengi. Waandishi wake Michael Abrash na John Carmack walijua kwamba ndani ya Pentium kitengo cha desimali kinaweza kuendelea kugawanya huku amri za nambari kamili zikifanya kazi nyingine. Wakagawanya mara moja tu kwa kila pikseli 16, wakichora wakati jibu linalofuata likiiva. Aliyekuwa na Cyrix 6x86, prosesa hodari kwa nambari kamili lakini dhaifu kwa desimali, aliona mchezo huohuo ukikokota.

Wakati huo kumbukumbu ilikuwa imeachwa nyuma sana na prosesa. Kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, iliyotangazwa mwaka 1968 ndani ya System/360 Model 85 ya IBM, ikawa ndiyo inayoamua kasi. Prosesa nyingi za leo huchota baiti 64 kwa safari moja. Jumlisha jedwali kubwa katika lugha ya C kwa mistari: kila safari inaleta nambari 16 za baiti nne. Lijumlishe kwa safu wima: mara nyingi unatumia moja, nyingine 15 zinafukuzwa kabla hujazifikia. Jibu ni lilelile, muda ni tofauti kabisa.

Wewe unayeandika msimbo, pima tofauti hiyo kwenye mashine yako kabla ya kuhangaika na amri mojamoja. Kompaila itakuchagulia amri nzuri. Mpangilio wa data, kwa kawaida, inakuachia wewe.