Gharama ya Mbuni Usiougua

Mwaka 1869, madoa ya rangi ya chungwa yalionekana kwenye majani ya mibuni ya kisiwa cha Ceylon. Ilikuwa kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu. Serikali ya kikoloni ilimwita mtaalamu wa mimea, Harry Marshall Ward, aliyefika 1880 na kueleza jinsi upepo unavyosambaza kutu katika mashamba ya zao moja. Maelezo yake yalikuwa sahihi, lakini yalikuja wakati mitaji inakimbia. Kisiwa kilichokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani kikageukia chai.

India, iliyokumbwa na kutu hiyo hiyo, ilipata nafuu ya bei rahisi. Mnamo 1911 mwenye shamba mmoja, Kent, alichagua mti ulioonekana kutoshambuliwa, na mbegu zake zikasambaa. Baada ya muda kutu ikabadilika, kinga ikavunjika. Hata hivyo uzao wa Kent ulifika Tanganyika na kutoa KP423, aina ambayo wakulima wa kaskazini wanaijua vizuri.

Kinga ya kudumu zaidi ilitoka kisiwani Timor, kwa mti uliogunduliwa 1927, chotara wa arabika na robusta. Kuanzia miaka ya 1950 kituo cha utafiti cha Oeiras, Ureno, kiliuchunguza uzao wake na kuzigawia nchi nyingine mbegu. Hakuna kampuni ambayo ingebeba kazi hiyo. Muuza mbegu za mahindi chotara humwona mteja wake kila msimu, lakini mbuni hukaa shambani miaka 30 na zaidi, na jirani anaweza kuomba mbegu bure. Aina inayomfaa mkulima kuliko zote ndiyo isiyomlipa muuzaji. Ndiyo maana fedha zimetoka serikalini au kwenye makato ya mauzo ya kahawa yenyewe.

Kenya ilikuwa na adui mwingine, ugonjwa wa chulebuni, aliyegunduliwa huko 1922 na ambaye huozesha matunda yakiwa bado mabichi. Mkulima alipambana naye kwa mrututu, mara nyingi kwa msimu mmoja, na gharama ya kunyunyizia yaweza kufikia 30% ya gharama zote za uzalishaji. Baada ya hasara kubwa za miaka ya 1960, kazi ya kuzalisha aina mpya ilianza 1971. Ruiru 11 ikatolewa 1985: miaka kumi na minne, na huo ulikuwa mwendo wa haraka! Lakini mbegu yake ilihitaji maua kuchavushwa kwa mkono, hivyo ikawa haba kwa miaka mingi. Batian, ambayo mbegu zake hutoa miche inayofanana na mzazi, ilifuata 2010.

Utafiti, hata hivyo, ni nusu tu ya gharama. Nusu ya pili humwangukia mwenye shamba. Akiing'oa mibuni ya zamani hukaa takriban miaka mitatu bila mavuno ya maana, na ada za shule hazingoji. Kubebesha kikonyo cha aina mpya juu ya kisiki cha zamani hupunguza kungoja, ila hakukuondoi. Wanaomlaumu mkulima mdogo kwa kung'ang'ania mibuni ya babu yake hawajapiga hesabu hiyo.

Colombia inathibitisha hesabu hiyo. Watafiti wake walitoa aina yenye kinga 1982, mwaka mmoja kabla kutu haijafika nchini, kwa fedha za wakulima wenyewe. Wengi hawakuipanda. Mlipuko wa kutu ulioanza 2008, pamoja na mvua nyingi, ulishusha mavuno hadi magunia milioni 7.7 mwaka 2012. Katika miaka hiyo mikopo yenye ruzuku ya kupanda upya ikatolewa kwa wingi, na 2015 mavuno yakavuka milioni 14. Mbegu ilikuwapo kwa miongo miwili na nusu. Kilichochelewa ni fedha ya kumvusha mkulima miaka ya kungoja. Kilimanjaro na Nyeri miche yenye kinga ipo vitaluni, na fedha hiyo bado haijapewa uzito unaopewa utafiti.