Upepo Ulipiga Unguja, Msitu Ukaanguka Pemba

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Bandari ilikuwa imejaa, kwani huo ndio msimu ambao majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakingoja kusi ishike yarejee kwao. Mengi yalivunjika pwani au yalizama, pamoja na merikebu za Sultani Barghash bin Said, ambaye hata miaka miwili ya utawala alikuwa hajaitimiza. Mashambani msiba ulikuwa mzito zaidi: theluthi mbili hivi ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka au ilikatika. Pemba, iliyo mwendo wa kilomita 50 hivi kaskazini, iliguswa kidogo tu, na mikarafuu yake ikabaki imesimama. Tangu siku hizo tukio hili limesimuliwa kama habari ya bahati, kwamba upepo uliinyang'anya Unguja na kuitunukia Pemba. Mimi naona masimulizi hayo yanasahau hasara iliyodumu kuliko zote. Mikarafuu ya Unguja ilipandwa tena ikazaa tena. Msitu wa Pemba uliofyekwa katika miaka iliyofuata haujarudi mpaka leo, na hakuna upepo uliouangusha.

Ili kujua kilichopotea inabidi kwanza kuelewa Pemba ni kisiwa cha namna gani. Unguja iliwahi kuwa sehemu ya bara, ikatengwa na bahari iliyopanda miaka kama 10,000 iliyopita. Ndiyo maana ilikuwa na chui wake, na bado ina kima punju na paa nunga. Pemba imezungukwa na maji marefu. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimekaa peke yake muda mrefu mno kuliko jirani yake. Wanyama wakubwa haikuwa nao, lakini viumbe wenye mbawa na mimea walipata nafasi ya kugeuka wakawa wa Pemba tu: ninga wake, chozi wake, bundi wake mdogo, mnazi mwitu uitwao mpapindi, na yule popo mkubwa mla matunda, ambaye jamaa zake wa karibu wako Komoro, Madagaska na Ushelisheli, wala bara la Afrika hawako. Waarabu walikiita kisiwa hiki al-Khadra, yaani cha kijani, na jina hilo walilitoa kabla ya kuwapo hata mkarafuu mmoja.

Mkarafuu ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Mtawala wa wakati huo, Seyyid Said bin Sultan, aliupenda kiasi cha kuwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Watu walipanda kupita kiasi, na kufikia katikati ya karne wingi wa karafuu ulikuwa umeshusha bei. Kwa hiyo kimbunga cha 1872 kiliikuta nchi ambayo mali yake ya mashambani karibu yote ilikuwa imetundikwa kwenye matawi ya miti ya aina mbili. Upepo huvunja mti kwa saa chache. Kuufanya mti huo uwe tegemeo la dola nzima ni kazi ya wanadamu, tena ya miongo kadhaa. Hapo ndipo msiba ulipoanzia, na ndipo ulipoendelea, maana mkarafuu mpya hungojewa miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa. Katika miaka hiyo ya ngoja ngoja bei ilipanda, na aliyekuwa na karafuu Pemba alikuwa na dhahabu. Wenye mitaji waligeukia huko, na kilima baada ya kilima kikafyekwa kupandwa mikarafuu.

Walioshika shoka walikuwa watumwa. Juni 1873, mwaka mmoja na ushei baada ya kimbunga, Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la mjini. Lakini mashamba mapya ya Pemba yalihitaji mikono wakati ule ule ambao sheria ilikuwa inaizuia isiletwe, na kisiwa chenye vihori na mikoko kila upande kilifaa mno kwa magendo. Waingereza waliiweka meli yao London bandarini Zanzibar kuyawinda majahazi ya magendo, na mwaka 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akipambana na jahazi la watumwa. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria visiwani mpaka 1897. Anayesema Pemba ilineemeka kwa kimbunga hana budi aseme pia ni nani aliyeilipia neema hiyo.

Yapo mapingamizi, na yana uzito. La kwanza ni kwamba karafuu ilikwisha kuingia Pemba kabla ya 1872, na msitu ungekatwa tu, upepo uvume usivume. Ni kweli ilikuwapo. Ila bei iliyokuwa imeanguka ndiyo iliyowazuia watu kuongeza mashamba, na kimbunga kiliondoa kizuizi hicho kwa siku moja. La pili linahusu umri wa makazi. Wapemba wamekaa Ras Mkumbuu na Chwaka tangu kale, wamelima mpunga mpaka kisiwa kikawa ghala la Mombasa, kwa hiyo msitu ulikuwa umeguswa zamani. Mimi naliona hilo kuwa ushahidi wa upande wangu. Mpunga uliota mabondeni, na kwa karne nyingi mkulima na msitu waliishi pamoja. Mkarafuu hautaki bonde linalotuama maji. Unataka udongo wa vilimani, na huko ndiko msitu ulikokuwa umesalia. Wengine watasema mkarafuu nao ni mti, una kivuli na hushika udongo. Sawa, na ni afadhali kuliko kiwanja kitupu. Lakini popo anayeishi kwa matunda ya mtini hapati chakula chake katika shamba la mti mmoja, na mpapindi hauoti hapo kama haukuachwa.

Kilichobaki leo ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, hekta 1,440 hivi, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1959, pamoja na vipande vidogo kama Msitu Mkuu. Ongezeko la watu katika karne ya 20 lilipunguza msitu zaidi, nalo halina uhusiano na 1872. Popo, waliokwisha kunyimwa makazi, waliwindwa kwa bunduki mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 waliohesabiwa walikuwa wachache mno, na wataalamu wakahofu kwamba mnyama huyu amekwisha. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kulinda miti wanamolala popo hao, Kidike ikiwa mfano unaojulikana sana, na idadi ya popo imepanda hadi kupita 20,000. Uamuzi wa watu nusura uwamalize, na uamuzi wa watu ukawarudisha.

Vimbunga huku ni nadra, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo ukazunguka. Nadra si kutokuwapo. Lindi ilipigwa mwaka 1952, Komoro ilipigwa na kimbunga Kenneth mwaka 2019, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya Tanzania Mei 2024, bahari ikiwa inazidi kupata joto. Kila mara tunahesabu mapaa yaliyoezuliwa, vyombo vilivyozama na miti iliyoanguka, na ni haki kuhesabu. Wizara, mabaraza ya wilaya na wakulima wanaopanga namna ya kujiinua baada ya kimbunga kijacho nawaomba waandike mapema, kabla bei haijapanda, kwamba ardhi ya Ngezi haitakuwa sehemu ya fidia.