Mwongozaji na Lugha ya Jukwaa: Mafunzo ya Juu ya Sanaa za Maonyesho Yakitazamwa kutoka Kasongo

1.0 Utangulizi

Kwa mstari ulionyooka, mji wa Kasongo, kusini mwa Maniema, uko takriban kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam na zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kinshasa. Katika karne ya 19 njia yake kuu ilielekea mashariki. Misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, kisha ikapita Kabambare hadi Kasongo. Kiswahili kilifika kwa njia hiyo, na misafara ilipokoma lugha ilibaki. Katika karne ya 20 utawala wa Kibelgiji uliugeuza uso wa mji kuelekea magharibi, na elimu ya juu ikafuata mkondo huo kwa lugha ya Kifaransa.

Makala haya yanachunguza maana ya mgeuko huo kwa fani moja, yaani elimu ya mwongozaji wa maonyesho katika ngazi ya uzamili na uzamivu. Mwongozaji ni yule anayeufasiri mchezo, anayewachagua waigizaji na kupanga mienendo yao jukwaani, na anayewajibika kwa maana inayomfikia mtazamaji. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la kwanza katika elimu yake halihusu ufundi. Linahusu lugha: jukwaa litasema kwa lugha ya nani? Ili kuliona swali hilo kwa uwazi, itabidi kwanza kutazama Dar es Salaam, ambako lilijibiwa mapema, kisha Kinshasa na Lubumbashi, na hatimaye kurudi Kasongo.

2.0 Dar es Salaam baada ya 1967

Mafunzo ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalianzishwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Kiswahili kilikuwa kikipewa nafasi kubwa katika shughuli za taifa, na jukwaa la chuo halikuweza kujitenga na hali hiyo. Miaka 2 baadaye, mwaka 1969, tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa, na ikadhihirisha kwamba historia ya Vita vya Maji Maji ingeweza kubebwa jukwaani kwa Kiswahili bila kupunguziwa uzito wa fikra.

Hata hivyo, ngazi za juu za elimu bado zilitafutwa ng'ambo. Hussein alikwenda Berlin ya Mashariki, akakamilisha tasnifu yake ya uzamivu juu ya maendeleo ya maonyesho Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt mwaka 1975. Berlin hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya Berliner Ensemble, kundi lililoendeleza mbinu za Bertolt Brecht za kumtaka mtazamaji afikiri badala ya kuzama katika hisia. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka mwaka 1976, zinategemea sauti ya mtambaji. Mtambaji, kama Brecht alivyotaka, husimulia huku akihukumu, naye ni wa jadi ya Kiafrika. Safari ya mbali ilimrudisha msanii kwenye sebule ya hadithi.

Amandina Lihamba alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kwa tasnifu juu ya siasa na maonyesho nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Penina Muhando Mlama alibaki Dar es Salaam, na mwaka 1983 alikamilisha tasnifu iliyozitazama sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha elimu. Tasnifu hii ya mwisho ina uzito wa pekee kwa mada yetu. Ikiwa maonyesho ya jadi yenyewe ni shule, basi anayeyasimamia ni mwalimu, na ujuzi wake una ngazi na masharti hata kama hautoi shahada.

Tasnifu hizi 3 zikilinganishwa, jambo moja hujitokeza. Hakuna hata moja iliyochukua ufundi wa kuongoza mchezo kuwa mada yake kuu. Zote zinauliza maonyesho ni nini kwa jamii na yanamtumikia nani. Hapa ndipo njia ya Dar es Salaam ilipotofautiana na ya vyuo kama Yale, Marekani, ambako mwanafunzi wa uzamili wa uongozaji hutumia miaka 3 akiandaa michezo na kupimwa kwayo. Dar es Salaam ilimpima msomi kwa maandishi, na kazi ya jukwaani ikatafutiwa mahali pengine.

Mahali hapo palikuwa vikundi na vijiji. Mlama na Lihamba, pamoja na Ndyanao Balisidya, walitunga kwa pamoja Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982. Kikundi cha Paukwa kilitoa Ayubu, kazi ya kikundi isiyokuwa na mtunzi mmoja. Katika mradi wa Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 hadi 1983, wanakijiji walitaja matatizo yao wenyewe, wakayatungia maonyesho kwa kutumia ngoma na fani walizozizoea, kisha wakayajadili. Katika kazi ya namna hiyo mwongozaji hupoteza kiti chake cha enzi, kwa kuwa hawezi kuamuru maana ambayo bado inatafutwa na wote. Hili ni somo la uzamili ambalo halikuandikwa katika mtaala wa Leeds wala wa Berlin.

3.0 Kinshasa na Lubumbashi

Upande wa Kongo historia ilikwenda kwa mwendo tofauti. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi, iliyoitwa Zaire mwaka huo huo, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa, na muundo huo ukadumu hadi 1981. Elimu rasmi ya maonyesho ilikuwa na makao yake Kinshasa, katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa, nayo Kitivo cha Fasihi kiliwekwa Lubumbashi. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kifaransa. Kiswahili, ingawa ni mojawapo ya lugha 4 za taifa, kilihesabika kuwa lugha ya madarasa ya chini, ya soko na ya nyumbani. Wakati huo huo utawala wa Mobutu ulizitumia ngoma na nyimbo kwa kulisifu dola, na wengi wakazoea kuona maonyesho ya umma yakiongozwa kwa amri.

Hata hivyo, Kiswahili kilijijengea jukwaa lake Lubumbashi, nje ya madarasa. Kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha Shaba, na likajulikana sana kwa njia ya redio na televisheni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji hao maana ya methali inayosema kwamba madaraka huliwa yote, bila kugawanywa. Badala ya kumjibu kwa maelezo, waliamua kuitungia mchezo. Hapakuwa na maandishi ya mazungumzo. Wasanii walijadili maana ya methali, wakakubaliana juu ya kisa, wakagawana maonyesho, kisha wakayatunga maneno papo kwa papo katika mazoezi. Mchezo ulirekodiwa katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, na Fabian akaichambua safari yote katika kitabu chake cha mwaka 1990.

Kwa mwanafunzi wa uongozaji, mfano huu una thamani kubwa. Unaonyesha kwamba mazoezi yanaweza kuwa utafiti, na kwamba fikra juu ya madaraka inaweza kukuzwa kwa Kiswahili ambacho vitabu vya sarufi havikitambui. Lakini unaonyesha pia pengo. Ujuzi wa kundi ulirithishwa kwa kuishi pamoja, na ilimbidi mgeni aje ndipo uandikwe.

4.0 Kasongo kama Mada ya Jukwaa

Pengo hilo linaonekana zaidi mtu akifikiria mchezo ambao Kasongo inaustahili. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa makao ya himaya yake, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dhanis mwezi Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Visa vipo, na vina uzito usiopungua ule wa Kinjeketile.

Ugumu upo katika lugha. Tippu Tip anasimulia kwa Kiswahili cha Unguja, kwa sauti ya mfanyabiashara na mtawala. Wapagazi, watumwa na watu wa nchi waliojifunza lugha hiyo njiani walizaa Kiswahili kingine, kilichokuja kuitwa Kingwana, na hawakuacha kitabu. Mwongozaji akiwafanya wote waseme Kiswahili sanifu, atakuwa amempa bwana ushindi kabla ya pazia kufunguliwa. Akiwapa wanyonge peke yao Kingwana, kuna hatari watazamaji wakacheka mahali pa kulia. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa mwandishi wa mchezo, kwa kuwa unakamilika katika kinywa cha mwigizaji na katika sikio la hadhira ya Kasongo, ambayo inajua vizuri nani husema vipi.

5.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa imetoa shule 2. Dar es Salaam ilifundisha kuuliza maonyesho ni ya nani, na ikaligeuza swali hilo kuwa elimu ya chuo kikuu. Lubumbashi ilionyesha jinsi kundi linavyofikiri kwa mazoezi, ndani ya Kiswahili chake lenyewe. Mtarajiwa wa uongozaji kutoka Kasongo au Kabambare anazihitaji zote 2, na shahada inayompima kwa tasnifu peke yake, au kwa Kifaransa peke yake, itamwacha nusu ya njia. Chuo kitakachokubali mchezo uliotayarishwa kwa Kiswahili cha Maniema, pamoja na maelezo ya maamuzi yaliyouunda, kuwa kazi halali ya uzamili, kitakuwa kimeifungua upya njia ya Kabambare, na safari hii watakaoipita hawatakuwa wamebeba mizigo ya mtu mwingine.