Kutoka Kodi ya Nyumba hadi Anwani ya Kidijitali: Historia ya Kuandikishwa kwa Makazi katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Mjadala kuhusu mji janja, yaani mji unaotumia mifumo ya kidijitali kuendesha huduma na kutunza rasilimali zake, aghalabu huanza na vifaa: vishikwambi, mita na ramani za satelaiti. Kwa miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, mwanzo huo unapotosha. Kabla ya kifaa palikuwapo daftari. Tangu utawala wa Wajerumani, swali la msingi katika ukanda huu limekuwa ni nani anamwandika nani, na aliyeandikwa anapata nini kwa kuandikwa kwake. Insha hii inajenga hoja kwamba anwani ya kidijitali ni daftari jipya katika mfululizo mrefu; upya wake haumo katika teknolojia bali katika uwezekano, ambao bado haujatimizwa, wa kumpa mkazi ushahidi wake mwenyewe.

Daftari la kwanza lilikuwa la kodi. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilimlazimu mtoza kodi kuhesabu nyumba. Usukumani, ambako kaya zilitawanyika kati ya mashamba na malisho, hesabu hiyo ilitegemea watemi na wasaidizi wao. Waingereza waliendeleza utaratibu huo wakiongeza kodi ya kichwa. Nyumba iliandikwa ili ilipe. Mwenye nyumba hakubakiwa na chochote zaidi ya stakabadhi.

Madini yalileta aina nyingine ya mji. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na Mwadui, baada ya John Williamson kugundua almasi mwaka 1940, ulikua ukawa mji kamili ndani ya uzio, wenye shule, hospitali, umeme na uwanja wake wa ndege. Katika miji hiyo kila nyumba ilijulikana kwa sababu ilikuwa mali ya kampuni, na aliyeacha kazi aliiacha nyumba. Nje ya uzio, makazi yalikua bila ramani. Kufungwa kwa Geita kulionyesha udhaifu wa mji unaotegemea daftari la mwajiri mmoja: mwajiri akiondoka, daftari nalo huondoka.

Baada ya uhuru, TANU ilianzisha mabalozi wa nyumba kumi, mfumo ambao hadi leo hakuna programu iliyoufikia kwa kumjua mkazi kwa sura na kwa ukoo. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, iliyotekelezwa mkoani Shinyanga mwaka 1974. Kaya zilizotawanyika zilihamishwa na kupangwa kwa mistari ili huduma ziwafikie wananchi, na ili serikali nayo iwafikie. Wapo waliohama kwa hiari na wapo waliohamishwa kwa nguvu. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba, ili watu wahesabike, ilibidi wahame.

Neno operesheni lilirudi Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyofanyika nchini kote kwa miezi michache ili itangulie sensa ya Agosti mwaka huo. Safari hii watu walibaki walipo, na namba ndiyo iliyowafuata. Nyumba zilipewa namba, barabara zikapewa majina, na taarifa zikaingizwa, pamoja na viwianishi vyake, katika mfumo unaofahamika kwa kifupi kama NaPA. Postikodi ya tarakimu tano iliishia kwenye kata. Namba ya nyumba na jina la barabara ndivyo vilivyomfikisha mgeni mlangoni.

Sensa iliyofuata ilidhihirisha ukubwa wa kazi hiyo. Mkoa wa Geita, uliokuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012, ulikuwa na watu 2,977,608 mwaka 2022, ongezeko la takribani asilimia 71. Shinyanga ilipanda kutoka 1,534,808 hadi 2,241,299. Si haki kuyahusisha mabadiliko hayo yote na dhahabu, kwani uzazi, kilimo na ufugaji vina sehemu yake. Hata hivyo, dhahabu ina tabia ya pekee: inapovumishwa kwamba imeonekana mahali, huzuka rashi, na pori hugeuka kuwa makazi ya maturubai, vibanda vya chakula, makarasha na mialo. Maduara yakikauka, watu huhama. Kibao cha namba kilichopigiliwa kwenye nguzo ya kibanda cha namna hiyo chaweza kuishi muda mrefu kuliko kibanda chenyewe ndani ya kanzidata. Mfumo uliobuniwa kwa kukisia kwamba nyumba haihami unakutana na uchumi ambao msingi wake ni kuhama.

Swali la nani ananufaika na uandikishaji linaonekana wazi zaidi katika kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU: anayenunua umeme wa nyumba ya kawaida alikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, kiasi kilichopandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kwa ufanisi wa ukusanyaji, ni mageuzi makubwa; mita inatoza bila mtoza kodi kubisha hodi. Lakini mita haimjui mwenye nyumba, inamjua mnunuzi wa umeme. Katika mitaa ya wachimbaji ya Geita na Kahama, ambako vyumba vya kupanga ni vingi, mnunuzi huyo mara nyingi ni mpangaji, anayeachiwa kudai fidia yake kwa mwenye nyumba. Kodi ya 1898 angalau ilimtafuta mwenye nyumba.

Dhahabu yenyewe imeandikishwa vizuri zaidi. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, gramu inayofikishwa sokoni hupimwa, huwekewa bei na kukatwa mrabaha na ada ya ukaguzi, na kumbukumbu yake hubaki. Chumba anacholala aliyeichimba gramu hiyo hakina kumbukumbu ya uzito huo.

Tofauti hii si ya kiufundi tu. Anwani ya makazi haitoi haki ya ardhi. Haki hiyo hutokana na sheria za ardhi za mwaka 1999. Wakati huohuo, leseni ya madini yaweza kutolewa juu ya ardhi inayokaliwa. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Madini ya mwaka 2010 kinamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kutumia haki zake ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, ingawa ridhaa inayokataliwa bila sababu ya msingi yaweza kuwekwa kando na Waziri. Mzozo, kwa hiyo, huangukia kwenye maneno mawili: mkaaji halali. Ni nani, na alikuwapo tangu lini?

Migogoro ya fidia iliyoandamana na migodi mikubwa tangu Bulyanhulu mwaka 1996 ilichochewa kwa sehemu na swali hilo, kampuni na wakazi wakitofautiana kuhusu nani alikuwapo, alijenga nini na lini. Wakati huo mkazi alikuwa na mashahidi, makaburi na miembe. Leo nyumba yake ina namba, viwianishi na siku ya kuandikishwa, vyote vikiwa vimehifadhiwa na serikali yenyewe. Rekodi hiyo haimfanyi kuwa mmiliki, lakini ni vigumu kuelewa kwa nini isipokelewe kama ushahidi wa kuwapo kwake, ilhali mita ya nyumba hiyohiyo inapokelewa kama ushahidi wa kutosha wa kumtoza kodi.