Waigaji wa Kinjeketile katika Bonde la Kilombero

Ebrahim Hussein alipoutoa mchezo wake wa Kinjeketile mwaka 1969, aliwatahadharisha wasomaji katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani si Kinjeketile wa historia, bali ni kiumbe cha fikra za mtunzi. Waigaji wake hawakuisikia tahadhari hiyo. Katika miaka iliyofuata, shule na vikundi vya maigizo vilitunga michezo ya Vita vya Maji Maji kwa kufuata nyayo zake, na huku Kilombero, toka Ifakara hadi Mahenge, mingine tuliitazama kwa macho yetu wenyewe. Hatuna budi kusema kwamba mingi ilikuwa mibovu.

Waigaji walichukua yaliyo mepesi kuchukuliwa: ngoma, kupandisha pepo, kibuyu cha maji, na vigelegele. Kiini wakakiacha. Kinjeketile wa Hussein ni mtu mwenye shaka. Analihofia neno alilolitamka mwenyewe, maana limekwisha kumzidi nguvu. Na mwishoni, akiwa mfungwa, anakataa kulikana kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Mwondolee shaka hiyo, naye husalia mganga mwenye sauti kubwa tu.

Tena walimleta Kinjeketile mwenyewe katika bonde hili, akiwaongoza Wambunga na Wapogoro kulivamia boma la Mahenge. Jambo hilo haliwezekani kamwe. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 ya mwezi huo huo. Maji yalienezwa na wajumbe walioitwa hongo, na hao ndio waliostahili kuigizwa huku kwetu. Lakini mjumbe hakuwa na fahari ya jina lililokwisha kupigwa chapa kitabuni.

Hasara iliyopatikana ni kubwa, kwa kuwa vita vya Mahenge havikuhitaji kutiwa chumvi. Wambunga na Wapogoro hawakupatana juu ya namna ya kushambulia. Kundi la kwanza lilipokewa kwa risasi likiwa bado mbali, kadiri ya mita 1,000. Likastahimili kama robo saa, kisha likarudi nyuma. Ndipo likatokea kundi la pili kutoka mashariki, watu wapatao 1,200, na baadhi yao walifika hatua tatu tu mbele ya bunduki kabla ya kuanguka. Ni mwandishi gani angetamani zaidi ya hayo?

Ndani ya boma alikuwamo ofisa wa Kijerumani, von Hassel, pamoja na askari weusi wapatao 60, bunduki za rashasha mbili, na mamia kadhaa ya wenyeji waliokuwa upande wake. Katika michezo tuliyoitazama, Mjerumani alipakwa unga usoni, akapigana karibu peke yake, na watoto wakaangua kicheko. Askari mweusi aliyeilenga bunduki hakupewa hata neno moja la kusema.