Shanga za ziwa letu na udongo wa maboksi



Tangu darasa la sanaa lianze, wamama wanatengeneza shanga na hereni kwa ule udongo wa plastiki uliokuja ndani ya maboksi ya msaada. Sasa maboksi yanaelekea kuisha. Tuagize mengine, ao turudi kwenye udongo wa mfinyanzi? Mbele mkutano haujaamua, tumeona vizuri tueleze kidogo historia, maana shanga si kitu kigeni kwetu.

Kule Katanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimbua makaburi ya zamani ya Sanga miaka ya 1957 na 1958. Walikuta vyungu, mapambo ya shaba, pamoja na simbi na shanga za kioo zilizotoka upande wa Bahari ya Hindi, mbali ya kilomita zaidi ya elfu moja. Waluba nao walipachika shanga juu ya ubao unaoitwa lukasa. Mtu wa chama cha Mbudye alizipapasa kwa kidole huku akisimulia habari za wafalme na safari zao. Wenye kusema babu zetu hawakuwa na maandishi, waende kwanza waangalie ule ubao.

Lakini sisi watu wa Tanganyika, historia yetu ni ya soko. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Ujiji, hapo ng'ambo tu, akakuta feza ya soko ni shanga zinazoitwa sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko likifunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi kwa shanga za aina ingine. Soko likifungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Faida mara mbili, bila kuvua hata dagaa moja! Shanga nyingi za wakati ule zilitengenezwa Venice, Italia, zikapitia Zanzibar, zikapanda huku na misafara. Misafara hiyo ilirudi pwani na pembe za ndovu, na watu waliofungwa. Hiyo tusiifiche tunapoonyesha wageni uzuri wa shanga.

Udongo wa plastiki wenyewe ni wa juzi. Kule Ujerumani, binti wa Käthe Kruse, mtengenezaji wa wanasesere, aliyeitwa Fifi, ndiye aliuendeleza. Mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber iliuchukua, ukaitwa Fimo. Ni mwepesi kufundishia: rangi tayari, hauhitaji tanuru, digri 110 kwa nusu saa zinatosha. Shida ni kwamba ni plastiki. Juu ya mbabula nani ataweza kushika digri 110? Makala yakipanda moto, unaungua na kutoa moshi mbaya wenye asidi, na watoto wako hapo hapo jikoni.

Udongo wa mfinyanzi unataka moto mkali zaidi, lakini unapatikana bila kuagiza. Mwenzetu mmoja alijifunza kwa nyanya yake mbele ya vita ya 1996, na miaka yote ya kambi kule Kigoma haikumsahaulisha. Tena kuna mfano wa Kazuri, Nairobi: Susan Wood alianza mwaka 1975 na wamama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, wakifinyanga shanga za udongo. Baadaye wakawa mamia. Wale lakini wako na tanuru la kweli, na wako na wanunuzi wa ng'ambo.

Maoni yetu sisi wa kazi ya uwanjani: maboksi yaliyobaki yatumike kufundisha maumbo na rangi tu. Wafadhili wanaouliza watume nini, tunawaomba tanuru dogo kuliko maboksi. Na mauzo yapitie kwenye kasha la chama, hesabu ikisomwa mbele ya wamama wenyewe. Kuna wachuuzi wameshaanza kuja kununua hereni kwa bei ya kutupa, na wale tunawajua tangu Ujiji.